Ufunguo na Daftari: Je, Ufisadi ni Mtoto wa Ubepari au wa Ujamaa?

Aprili iliyopita nilikuwa matangani kijijini kwetu. Usiku wa pili, chakula kimeshaliwa na watu wamejinyoosha kwenye mikeka, redio ikaleta habari za ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ile tuliyozoea kuiita ripoti ya CAG. Malipo hewa huku, mikataba mibovu kule. Mzee mmoja, mstaafu wa shirika la umma, akatikisa kichwa. "Haya hayakuwepo enzi za Mwalimu. Tulipokaribisha ubepari ndipo tulipokaribisha wezi." Kijana anayenunua mpunga vijijini akamjibu kwa heshima, ila bila kulegeza: "Samahani, mzee wangu. Enzi hizo mama yangu alipata sabuni kwa sababu shangazi yake alijuana na mwenye duka la ushirika. Asiye na shangazi alifua kwa majani ya mpapai. Hilo nalo tuliiteje?"

Walibishana mpaka majogoo, na kila mmoja alikuwa na ukweli mkononi. Nilichokiona pale, na ninachokiona kila mjadala huu unapoibuka, ni kwamba mambo matatu hufungwa kwenye mzigo mmoja: nani anamiliki, nani amejaliwa kingi na nani kidogo, na nani anaiba. Mara nyingi mambo hayo hukaa nyumba moja. Lakini si mapacha, na usipoyatenganisha utatibu jino kwa dawa ya tumbo.

Tuanze na maneno

Rushwa ni kutoa au kupokea kitu ili mwenye madaraka apindishe wajibu wake, au autimize ule ambao alishalipwa mshahara autimize. Neno jirani yake, hongo, lina historia inayofundisha. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi na machifu ambao ilipita kwenye nchi zao: vitambaa, shanga, waya wa shaba. Ilikuwa ushuru wa njia. Kiasi kilijadiliwa mchana, watu wakiona, na mwenye msafara alijua analipia nini. Leo jina lilelile tunalitumia kwa noti inayokunjwa ndani ya leseni ya dereva. Kilichobadilika ni mahali: malipo yametoka uwanjani, yameingia mfukoni.

Ufisadi ni mpana zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya uharibifu, na hauhitaji watu wawili. Ofisa anayeipa kandarasi kampuni ya shemeji yake, mhasibu anayelipa mishahara ya watumishi hewa, diwani anayegeuza uwanja wa watoto kuwa viwanja vya kuuza, wote ni mafisadi hata kama hakuna aliyewapa bahasha. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyochunguza rushwa nchini Tanzania, ilitenganisha makundi mawili ambayo hadi leo tunayachanganya: wanaopokea kidogo kwa sababu mshahara haufiki tarehe 15, na wanaochukua kikubwa kwa sababu ya tamaa. Kundi la kwanza linaudhi kila siku, ila la pili ndilo linalofilisi nchi.

Ubepari ni mfumo ambao njia kuu za uchumi ziko mikononi mwa watu binafsi na kampuni zao, na uzalishaji unafuata faida. Neno bepari lenyewe tulilipata kwa Wagujarati, ambao kwao lina maana ya mfanyabiashara tu. Tusi tumeliongeza sisi. Ujamaa, kwa maana ya uchumi, ni njia hizo kuu kuwa mali ya umma.

Tazama vizuri hayo maneno "njia kuu", maana hapa ndipo uvumi mwingi unapozaliwa. Wapo wanaoamini kwamba chini ya ujamaa mtu hakuruhusiwa kuwa na kitu chake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja njia hizo: ardhi, misitu, madini, maji, mafuta na umeme, usafirishaji, benki, bima, biashara ya nchi za nje, viwanda vikubwa na kadhalika. Jembe lako, baiskeli yako, kuku wako na nyumba unayolala havikuwamo. Umiliki wa vitu vya kutumia na umiliki wa mitambo inayolisha watu wengine ni vitu viwili.

Na umiliki wenyewe si kitu kimoja. Ni kama fungu la kuni: haki ya kutumia, haki ya kuvuna, haki ya kuwazuia wengine, haki ya kuuza. Mtu anaweza kushika kuni mbili, mwenzake nyingine mbili. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Hati uliyoifungia kabatini inakupa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kenya mtu anaweza kumiliki shamba bila ukomo wa miaka. Ndiyo maana mwaka 2023, sakata la Bandari ya Dar es Salaam lilipopamba moto, wengi walipigana kwa maneno yasiyolingana. Waliosema "imeuzwa" na waliosema "imekodishwa" walikuwa wanazungumzia kuni tofauti. Mkataba uliosainiwa Oktoba mwaka ule uliipa kampuni ya DP World haki ya kuendesha sehemu ya bandari kwa miaka 30. Ardhi ilibaki ya nchi. Hilo halimalizi swali, na waliolihoji walikuwa na haki ya kulihoji. Ukimkodisha mtu shamba kwa misimu mitano hujaliuza, lakini masharti yakiwa mabovu anaweza kukurudishia udongo uliochoka.

Limebaki pengo la kipato. Wachumi hulipima kwa kipimo kinachoitwa Gini. Fikiria sinia la pilau mbele ya watu kumi. Wote wakila sawa, kipimo ni sifuri. Mmoja akibeba sinia lote, kipimo ni moja. Afrika Kusini ilipimwa 0.63 mwaka 2014, na wakati ule hakuna nchi iliyopimwa iliyokuwa na pengo kubwa kuliko hilo. Sehemu kubwa ya pengo hilo haikuletwa na bahasha za siri. Ililetwa na sheria zilizopitishwa bungeni, kama ile ya ardhi ya mwaka 1913 iliyowafungia Waafrika wengi nje ya mashamba ya nchi yao wenyewe. Ukosefu wa haki unaweza kuwa halali kisheria, ukapigwa na muhuri.

Duka moja, wenyewe watatu

Sasa chukua duka moja la kijijini linalouza sukari, tulipitishe mikononi mwa wenyewe watatu.

Mwenyewe wa kwanza ni Mangi. Duka ni lake, mtaji ni wake. Hawezi kujihonga. Akimpa mpwa wake kilo mbili bure, hasara inatoka kwenye mfuko uleule anaolishia wanawe, kwa hiyo hesabu anaijua kwa kichwa. Rushwa inaingia anapokutana na serikali: leseni, ukaguzi wa mizani, makadirio ya kodi. Inaingia pia kwa mlango mwingine siku Mangi anapokuwa mkubwa kiasi kwamba sukari ya wilaya nzima inapitia kwake. Hapo hana haja ya kumhonga karani; anaweza kumfadhili mgombea.

Mwenyewe wa pili ni serikali, na mwenye ufunguo ni meneja aliyeajiriwa. Tuseme bei halali ni shilingi 10 kwa kilo, lakini sukari ni adimu, na nje watu wako tayari kutoa 40. Zile shilingi 30 za katikati ni za nani? Sheria inasema si za mtu. Meneja anavuka juu yake kila asubuhi anapofungua mlango, na mshahara wake ni ule wa mwezi jana. Hahitaji kuwa mtu mwovu. Siku mtoto akiugua, gunia moja litapitia dirishani, na siku ya pili litakuwa jepesi zaidi kulibeba.

Wa tatu ni ushirika. Wanachama ndio wenye mali, na kama mkutano unaitishwa na vitabu vinasomwa, hakuna umiliki mzuri kuliko huo. Lakini mkutano ukiahirishwa mara tatu, katibu anageuka mwenye duka bila kununua hisa hata moja. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakusema ni mali ya nani.

Mchumi Mmarekani Robert Klitgaard aliliweka hili katika kanuni fupi mwaka 1988: rushwa ni sawa na ukiritimba, jumlisha uhuru wa kuamua peke yako, toa uwajibikaji. Pima maduka yetu matatu. Kinachoamua wizi si jina la mwenye duka. Ni kama kuna duka jingine la kukimbilia, kama mwenye ufunguo anaamua peke yake nani apate, na kama kuna mtu mwingine anayeshika daftari.

Yaliyotokea kwetu

Mzee wa matangani alikuwa na haki ya kuikumbuka miaka ile kwa fahari. Azimio lilipotangazwa Februari 5, 1967, benki zilitaifishwa siku iliyofuata, na kila mtu analikumbuka hilo. Wachache wanakumbuka sehemu ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa moyo wake: Miiko ya Uongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa lugha ya duka letu: anayeshika ufunguo wa ghala la umma asiwe na duka lake upande wa pili wa barabara.

Na pengo lilipungua kweli. Wakati wa uhuru mwaka 1961 mshahara wa juu kabisa serikalini ulikuwa takriban mara 50 ya kima cha chini. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya kodi, ulikuwa umeshuka hadi karibu mara 9. Mtoto wa mkulima alikaa dawati moja na mtoto wa waziri. Hayo ni mafanikio, na anayeyabeza hakuijua nchi ilivyokuwa.

Lakini kijana wa mpunga naye hakusema uongo. Mashirika ya umma yaliongezeka hadi takriban 400. Mengi yalikuwa peke yake katika biashara yake: moja la kununua mahindi, kampuni moja ya mkoa ya kugawa bidhaa za dukani. Uzalishaji uliposhuka, bei ya mafuta ilipopanda, na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilipokomba hazina, bidhaa zikawa adimu huku bei ikibaki imepangwa. Zile shilingi 30 za katikati zikatokea nchi nzima kwa wakati mmoja. Lugha ikazaa maneno yake: mlanguzi, na kimemo. Kimemo kilikuwa kijikaratasi cha bosi: "Mpe huyu mifuko miwili ya saruji." Hakikupita kwenye hesabu yoyote ya pengo la kipato. Watu wawili wenye mshahara sawa, mmoja anapanga foleni tangu alfajiri, mwenzake anaingia mlango wa nyuma na kimemo. Pengo lilikuwepo, lilihama kutoka kwenye pesa likaenda kwenye kujuana. Warusi nao, waliokuwa na maduka maalumu ya wakubwa wa chama, walikuwa na neno lao la kujuana huko, *blat*. Hawakutuambukiza. Upungufu wenye bei ya kupangwa na mlango wa nyuma huzaa mtoto huyo popote.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkali wa wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilifichuliwa, nyingine zilitupwa na wenyewe kwa hofu. Sokoine hakuwa mtu wa mzaha na wengi wanamlilia hadi leo, lakini msako haukuongeza gunia hata moja la sukari nchini. Ulikamata waliokaa kwenye tofauti ya bei. Tofauti yenyewe ilibaki.

Halafu yakaja mageuzi. Mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, biashara ikafunguliwa, foleni zikaisha, kimemo cha saruji kikakosa kazi. Hapa ubepari ulitibu ugonjwa wa kweli, na lazima tuseme hivyo. Ila Februari 1991, Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ililegeza miiko: kiongozi sasa akaruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kuwa na kipato zaidi ya kimoja. Yaani mwaka uleule tuliokuwa tunajiandaa kuuza mamia ya mashirika ya umma, tuliwaruhusu wauzaji kuwa wanunuzi. Sijui uamuzi mwingine wa miaka ile ulioigharimu nchi kiasi kile kwa kelele ndogo kiasi kile. Hatukukosea kufungua milango ya biashara. Tulikosea kuifungua huku tunaondoa kitasa cha mlango wa ghala.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ikaja mwaka 1995, ikiwataka viongozi watoe tamko la mali na madeni kila mwaka. Matamko yanakusanywa. Mwananchi wa kawaida hawezi kuyakuta gazetini.

Ukitaka kuona ufisadi wa enzi mpya ulivyo, tazama akaunti ya EPA pale Benki Kuu. Ilikuwa ya kulipia madeni ya zamani ya nje. Mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zilichota humo zaidi ya shilingi bilioni 133, nyingi kwa nyaraka za kughushi. Kampuni zilikuwa za binafsi, naam. Ghala lilikuwa la serikali. Wizi haukukaa upande wa ubepari wala upande wa ujamaa. Ulikaa mlangoni, pale mali ya wote inapokutana na mfuko wa mtu.

Jirani aliyechukua njia nyingine

Kenya haikutaifisha kama sisi. Waraka wake wa sera wa mwaka 1965 uliitwa wa ujamaa wa Kiafrika, lakini ndani yake ulilinda umiliki binafsi na mitaji ya nje. Mwaka 1971, wakati Tanzania miiko ikiwa ndiyo kwanza ina miaka minne, Tume ya Ndegwa ilifungua njia kwa watumishi wa umma Kenya kufanya biashara zao huku wakibaki ofisini. Hoja ilikuwa na sura nzuri: Mwafrika alikuwa nyuma kibiashara, na aliyesoma alikuwa serikalini. Matokeo ni kwamba anayetoa leseni akawa mwenye matatu (daladala za Kenya), anayegawa viwanja akawa mwenye viwanja.

Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, ikiwamo ya misitu, shule na barabara, ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa miongo mingi. Na kabla ya hapo kulikuwa na Goldenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Kenya ilikuwa na mpango wa kuwazawadia wauzaji wa bidhaa nje. Kampuni moja ikapewa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi inazodai kuuza ng'ambo. Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yake wakati ule ilikuwa kidogo mno kufikia viwango vile. Mabilioni yalilipwa. Nchi ya ubepari, na bado kisima kilichokaushwa kilikuwa hazina ya umma.

Mwaka 2010 Wakenya waliandika katiba mpya, na Sura ya Sita, ya uongozi na uadilifu, inamkataza ofisa wa dola wa kudumu kushika ajira nyingine yenye malipo. Utekelezaji unalegalega, na Wakenya wenyewe ndio wanaolalamika zaidi. Lakini tazama njia zilivyopishana: sisi tuliitupa miiko mwaka 1991, wao wakaiokota ndugu yake miaka 19 baadaye.

Kunyang'anya na kugawa

Kuna wanaosema dawa ni moja tu: wanyang'anywe matajiri, wapewe wananchi. Majirani zetu wamelijaribu hilo mara mbili.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa, sehemu kubwa kwa wanajeshi na watu wa karibu na utawala. Waganda waliwapa matajiri hao wapya jina la Kiswahili: mafuta mingi. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu zilipobaki tupu hawakujua pa kuagiza. Zaire, Novemba 30, 1973, Mobutu naye alitangaza kuwa biashara na mashamba ya wageni yawe ya wazalendo. Kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi na Bukavu waliopokea walikuwa wakubwa wa chama na jamaa zao. Kufikia 1976 serikali ilikuwa inawaita wenyewe wa zamani warudi.

Dhuluma ya zamani ilikuwepo, na hasira ya watu ilikuwa ya haki. Lakini umiliki ulibadilika jina tu. Aliyegawa hakuulizwa amegawa kwa vigezo gani.

Warusi walifanya hivyo kwa mwelekeo wa kinyume. Usovieti ulipovunjika mwaka 1991, waliambiwa kubinafsisha kutaua rushwa. Mwaka 1995 serikali iliyofilisika ilikopa kwa mabenki na kuweka rehani hisa za mashirika yake makubwa. Norilsk Nickel, mzalishaji mkubwa wa nikeli duniani, iliwekewa rehani asilimia 38 ya hisa zake. Zilikwenda kwa dola milioni 170. Benki iliyosimamia mnada ndiyo iliyoshinda mnada, na ofa kubwa zaidi ilikataliwa. Ndivyo walivyozaliwa matajiri wanaoitwa oligaki. Kaka zangu wanaoamini kila shirika likiuzwa rushwa inakwisha, hapo ndipo pa kutulia na kufikiri. Ufunguo na daftari vilikuwa mkono mmoja chini ya ukomunisti. Vilibaki mkono mmoja chini ya ubepari.

Nchi zinazovuruga hesabu za wote wawili

Singapore inasifiwa kama pepo ya ubepari. Serikali yake inamiliki takriban asilimia 90 ya ardhi. Karibu wakazi wanane kati ya kumi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na shirika la umma, kwa hati za miaka 99, kama hati zetu. Hapohapo, katika kipimo cha mwaka 2024 cha shirika la Transparency International ilipata alama 84 kati ya 100, ambapo 100 ni usafi kamili. Denmark, yenye kodi nzito na huduma za umma zinazogusa kila nyumba, iliongoza kwa 90. Tanzania ilipata 41, Kenya 32. (Kipimo hiki kinakusanya maoni ya wataalamu na wafanyabiashara, hakihesabu bahasha.) Serikali kubwa haikuwaharibu Wadenmark, wala soko huria halikuwatakasa Wakenya.

Botswana nayo inavunja nadharia nyingine. Kwa miaka mingi imehesabiwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye rushwa ndogo, na sehemu kubwa ya almasi zake inachimbwa na kampuni ambayo serikali na De Beers kila mmoja ana nusu. Fedha zilijenga barabara na shule. Ila pengo la kipato ni kubwa, Gini karibu 0.53, kuliko Tanzania yenye kama 0.40. Nchi inaweza kuwa haina wizi mwingi na bado watu wasile sawa. Kwa hiyo tukifukuza mafisadi wote kesho, bado tutabaki na kazi ya kuamua nani alipe kodi kiasi gani na shule ya Kibondo ipate walimu wangapi. Kazi hiyo ni ya siasa. TAKUKURU, taasisi yetu ya kupambana na rushwa, haiwezi kutufanyia.

China inaonyesha sura zote mbili kwa mpigo. Chama ni cha kikomunisti, mabilionea ni wengi. Ardhi ya miji ni ya dola na ya vijiji ni ya jumuiya, lakini ofisa wa wilaya ndiye anayeamua shamba gani ligeuke kiwanja cha maghorofa. Kalamu hiyo moja imezaa kesi nyingi katika msako ulioanza mwaka 2012.

Nimalizie na dhana mbili ninazozisikia sana. Ya kwanza, kwamba kila tajiri ni fisadi. Hapana. Wapo waliotajirika kwa jasho na wapo waliorithi, na kuwatukana wote kunawapa mafisadi halisi kichaka cha kujificha. Ya pili, kwamba ongezeko la mishahara litamaliza rushwa. Litawasaidia wale wa kundi la kwanza la Warioba, trafiki na muuguzi, na wanastahili. Aliyekula bilioni hakusukumwa na njaa.

Yule mzee na yule kijana wanaishi kijiji kimoja. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Kwetu ulikuwa haujakaa kwa karibu mwaka. Juni ulikaa, baada ya watu kugoma kuchangia darasa jipya mpaka waone hesabu. Nilikuwepo. Mtendaji alisoma haraka haraka, sauti chini, mpaka alipofika kwenye bati. Mama mmoja aliyekaa chini ya mwembe, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono akaomba ile sehemu irudiwe. Ikarudiwa: bati 120 zimenunuliwa. Akauliza kwa upole kwa nini paa la darasa lina bati 84, maana alikuwa amezihesabu akichota maji. Mzee akasimama upande wake. Kijana naye akasimama. Mtendaji akafungua daftari upya, ukurasa wa kwanza, na safari hii akasoma polepole.